"Tuma na ya kutolea": kwa nini malipo ya simu hayajatukuzia uchumi kama tulivyoahidiwa

Kibubu Tupu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita nilimtumia mama mdogo elfu hamsini, yuko Singida. Dakika mbili hazijapita simu ikaita: "Baba, nimeiona, Mungu akuzidishie. Ila hukuweka ya kutolea." Nikacheka, nikaongeza. Usiku ndipo neno lenyewe likanirudia. Ya kutolea. Tumelizoea hadi hatulisikii tena: mtu anatumiwa pesa, kisha anatumiwa na nauli ya kuishusha pesa hiyohiyo kutoka kwenye simu.

Sasa kila kongamano la fedha likiisha tunaambiwa malipo bila taslimu yanakuza uchumi wa nchi. Sikatai. Nachouliza ni yanakuza kwa mlango upi, maana wanaosema hivyo wengi wanahesabu laini na miamala, kisha wanarukia pato la taifa, kama mtu anayehesabu madumu uani na kukuhakikishia kwamba yote yana maji.

Ushahidi mzuri upo, tena wa jirani. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, mwaka uliofuata ikaingia kwetu Tanzania. Wachumi wawili, Tavneet Suri na William Jack, waliwafuatilia Wakenya kwa miaka. Kwanza waliona kwamba kaya isiyotumia huduma ile ikipatwa na balaa, iwe ugonjwa au mavuno kuharibika, matumizi yake yanashuka kwa asilimia 7 hivi. Kaya inayotumia haiyumbi, kwa sababu ndugu wa mbali wanachanga siku hiyohiyo. Mwaka 2016 wakachapisha kwenye jarida la Science kwamba kaya kama 194,000, yaani asilimia 2 ya kaya zote za Kenya, zilitoka kwenye umaskini kwa sababu ya huduma hiyo, na wanawake wapatao 185,000 waliacha kutegemea kilimo wakaingia kwenye biashara.

Hesabu nzito hiyo, na ninaiamini. Lakini tazameni ni kitu gani hasa kilifanya kazi. Watu hawakuacha noti. Walizitoa kwa wakala kama kawaida, ila kilichokufa ni umbali. Wenye umri wangu wanakumbuka: hela ya nyumbani ilisafiri ndani ya bahasha mkononi mwa kondakta, na ukimkuta mwaminifu ulimshukuru Mungu. Baadaye ikawa vocha. Unakwangua, unatuma namba kwa ujumbe, na mwenye duka kule kijijini anakata chake kabla hajampa mama. Kuondoa hasara hiyo ni faida kubwa, ila ni faida ya kuvunwa mara moja. Ukishamtoa mama kwenye bahasha, mwaka kesho humtoi tena.

Kuna na utafiti mwingine unaopendwa sana kwenye mawasilisho, wa Moody's Analytics. Unasema malipo ya kielektroniki yaliongeza dola bilioni 296 kwenye pato la nchi 70 kati ya 2011 na 2015. Walioulipia utafiti huo ni Visa, kampuni ya kadi za malipo. Sisemi umepikwa, lakini muuza nyembe akikuambia ndevu zimekuharibu sura, msikilize huku umeshika mfuko.

Na sisi wenyewe? Kabla simu haijashika pesa, katikati ya miaka ya 2000, uchumi wetu ulikuwa tayari unakua kwa asilimia 6 au 7. Mwaka 2023, kila kibanda kina bango la wakala, ulikua kwa asilimia 5.1. Yako mengi katikati hapo, Korona na vita vya Ukraine vikiwemo, kwa hiyo sitaki mtu aseme simu zimetushusha. Nasema tu namba hizo haziwezi kubeba sifa zote tunazozipa simu.

Mlango wa pili wa faida ndio hatujauingia vizuri. Ukiweka elfu kumi kwa wakala, thamani yake inakaa kwenye akaunti maalumu benki, na benki inaweza kuifanyia kazi. Ukiitoa, inarudi chini ya godoro. Mfanyabiashara anayepokea kwa lipa namba, yaani namba ya biashara ya kulipwa kwa simu, ana historia ya kumwonyesha mkopeshaji, wa noti ana maneno matupu. Kwa hiyo kinachozalisha ni shilingi kubaki ndani: mshahara uingie, ulipe duka, duka lilipe muuza jumla, muuza jumla alipe kiwanda, bila mtu yeyote hapo katikati kwenda kwa wakala. Mduara wetu unakatika kila hatua, na kila unapokatika kuna anayekata.

Halafu ikaja tozo ya serikali kwenye miamala ya simu. Julai 15, 2021: kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, juu ya makato ya mtandao yenyewe. Kelele zikapigwa, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, Julai 2022 kiwango cha juu kikawa 4,000, na bajeti ya 2023/24 ikaifuta kwenye kutuma, ikabaki kwenye kutoa. Najua hoja ya kuiacha huko: atakayeona kutoa ni ghali atabaki ndani. Sawa, abaki ndani akanunue nini, kwa nani, kama muuza mchicha anataka sarafu?

Mawakala mliomo humu, nawaomba jambo moja. Kwa wateja wenu kumi, wangapi wanakuja kutoa?

Msoma Mwishoni

Uzi mrefu kuliko treni ya mizigo. Nimekodi kiti, nangoja wachangiaji.

Nyanya za Ilula

Mkuu Kibubu, umegusa penyewe. Mimi nanunua nyanya Ilula napeleka Dar, mwaka wa tisa huu. Dar nalipwa kwa simu, na kwa hilo nashukuru sana, maana zamani nilirudi na hela nimezifunga kiunoni ndani ya kanga mbili, silali njia nzima, na safari moja sikurudi nazo.

Tatizo langu linaanza nikishuka Ilula. Nimebeba milioni nne kwenye simu na mkulima anataka noti. Siyo ujinga wake. Jioni ileile ana vibarua kumi na wawili wamesimama shambani, kila mmoja anadai ujira wake, na nusu yao simu hazina chaji. Kuna anayepakia matenga, kuna anayeshona, kuna kijana wa maji. Nikimtumia kwa simu ananiambia maneno yaleyale ya mama yako. Basi naenda kwa wakala, wakala anasema keshi imeisha, maana leo wanunuzi wote wameshuka na shida moja. Siku za msimu tunazunguka mawakala watano kutafuta milioni mbili. Hapo nyanya ziko juani zinaiva, na nyanya ikiiva kabla ya safari bei yake unaijua.

Mnaosema mfumo huu unaokoa muda, mimi nauokoa Dar, naupoteza Ilula.

Mzee wa Taslimu

Vijana mnapenda sana mambo mapya. Noti haiishiwi chaji, haikwambii "huduma haipatikani kwa sasa". Na noti haijawahi kunitumia ujumbe "ile hela tuma kwenye namba hii".

Mmetaja Kenya tu kwa sababu ni hadithi tamu. Mbona hamtaji India? Novemba 8, 2016 waziri mkuu wao alitangaza usiku kwamba noti za rupia 500 na 1,000 zimekufa. Hizo zilikuwa asilimia 86 ya thamani ya fedha zote mikononi mwa watu. Wakulima wakashindwa kununua mbegu, vibarua wakarudi vijijini, watu wakapanga foleni benki siku nzima. Sababu mojawapo ilikuwa kuwanasa wenye fedha haramu, kisha Benki Kuu yao ikahesabu na kukuta asilimia 99.3 ya noti zile zimerudi benki. Haramu yenyewe ilipitia wapi, sijui.

Nigeria nao wakabadili noti, mwanzoni mwa 2023 keshi ikaadimika hadi watu wanauziwa noti kwa noti, mpaka Mahakama ya Juu ikaamuru Machi 3 kwamba noti za zamani ziendelee kutumika hadi mwisho wa mwaka. Na Sweden, mabingwa wa dunia wa kuacha noti, siku hizi mamlaka zao zinawashauri wananchi waweke taslimu kidogo nyumbani kwa ajili ya dharura. Tuwaulize wamekimbia nini.

Kibubu Tupu

Shikamoo mzee. Kwa India na Nigeria niko upande wako, hakuna uchumi unaokuzwa kwa kuwanyang'anya watu noti usiku. Ila mwaka uleule wa 2016 India walizindua UPI, mfumo unaomwezesha mtu wa benki yoyote kumlipa wa benki yoyote papo hapo, na kuanzia Januari 2020 mfanyabiashara hakatwi ada kwa malipo hayo. Muuza chai wa barabarani akabandika kikaratasi chake cha kuskani, basi. Hakuna aliyemlazimisha. Bei ya kulipwa kwa simu ilikuwa sifuri, na bei ya kulipwa kwa noti ilikuwa kutafuta chenji.

Kwetu mabomba yapo. Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana 2014 wateja wao watumiane pesa, Vodacom wakajiunga 2016, wakati nchi nyingi zilikuwa hazijaota jambo hilo. Benki Kuu nayo imejenga TIPS, mfumo wa malipo ya papo hapo. Ugomvi wangu ni bei iliyobandikwa kwenye koki.

Na nyongeza kwako, Nyanya za Ilula: maelezo yako yamenifaa kuliko utafiti wa Visa.

Mgeni wa Mombasa

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Huku kwetu tunasema "tuma na ya kutoa", kwa hiyo ugonjwa ni mmoja, dawa ndiyo tofauti.

Nawaongezea jambo ambalo mleta mada hakulitaja. Serikali yetu nayo hutoza ushuru, lakini hutoza ile ada ya kampuni, haigusi kiasi unachotuma. Ilianza na asilimia 10 mwaka 2013, 2018 ikawa 12, 2023 ikawa 15. Mswada wa fedha wa 2024 ulitaka iwe 20, nao ukaondolewa baada ya vijana kuingia barabarani. Kwa hiyo kwetu uma ni mdogo kuliko tozo yenu ya 2021, ila kila baada ya miaka kadhaa unaongezwa jino.

Kilichobadilisha mambo kwa macho yangu ni Machi 2020. Korona ilipoingia, kutuma chini ya shilingi 1,000 za Kenya kulifanywa bure hadi mwisho wa mwaka. Mama mboga wangu hapa Kisauni, ambaye miaka yote alisema simu ni ya mambo makubwa, alianza kupokea shilingi thelathini kwa simu. Mwaka ulipoisha hakurudi nyuma. Siku hizi ana Pochi la Biashara, laini ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo, na omena ananunua kwa simu hiyohiyo bila kupita kwa ajenti.

Lakini msituige kila kitu. Mwaka 2014 serikali ilitaka matatu zote zilipwe kwa kadi. Mpango ukafia njiani, kwa sababu makanga hulipwa kwa siku, mafuta hununuliwa kwa siku, na yuko askari wa njiani ambaye naye hana kadi. Halafu kuna Fuliza, tangu 2019. Ukipungukiwa unaazimwa palepale unapolipa. Nina jirani anayenunua mkate kwa deni kila asubuhi na kulipa deni kila jioni. Kwenye takwimu miamala yake imepanda. Yeye mwenyewe hajapanda.

Msoma Mwishoni

"Askari wa njiani ambaye naye hana kadi." Kiti nilichokodi kimelipa 😂

Dada wa Kaunta

Mimi nipo kaunta ya malipo kwenye hospitali ya umma, na kwa heshima zote kwa mleta mada, upande wa serikali umeupita haraka.

Nimeanza kazi enzi za kitabu cha risiti. Mgonjwa analipa noti, unaandika kwa mkono, jioni mnahesabu, mnafunga, kesho mtu anapeleka benki. Kati ya "mnahesabu" na "benki" yalitokea mambo ambayo sitayaandika hapa. Kuanzia 2017 ikaja GePG, mfumo wa serikali wa kupokea malipo, na namba ya malipo, control number kama mnavyoiita. Mgonjwa anapewa namba, analipa kwa simu au benki, na hela inaingia moja kwa moja kwenye akaunti bila kupita mkononi mwangu. Mishahara yetu ni ileile na wagonjwa ni walewale, ila dawa zinanunuliwa kwa hela inayoonekana. Hilo nalo ni ukuaji, ingawa mwenye kitabu cha zamani analiona ni hasara.

Na foleni za LUKU mmezisahau? Watu waliomba ruhusa kazini kwenda kununua umeme.

Ninapokubaliana na wewe ni kwa machinga. Kaka yangu anauza viatu Mwenge. Lipa namba anayo, ameigeuza inatazama ukutani. Nimemuuliza, akaniambia: "Dada, noti hainiulizi mwaka jana niliuza kiasi gani." Anaogopa kodi ya leo na anaogopa zaidi makadirio ya kesho. Huwezi kumwambia akae ndani ya mduara wakati anaona mduara ni mtego.

Kibubu Tupu

Dada wa Kaunta, hapo nimekubali kofi. Nilikuwa nawaza kijiji na duka, nikasahau kaunta.

Kuhusu kaka yako: Korea Kusini walikutana na mtu wa aina hiyo, na mwaka 1999 wakaanza kumpa nafuu ya kodi ya mapato mnunuzi anayelipa kwa kadi. Mteja akawa ndiye anayedai kulipa kwa kadi, muuzaji akakosa pa kujificha, ila na wateja wakaongezeka. Sisi tumeanza kunusa njia hiyo: bajeti ya 2025/26 ilileta pendekezo la VAT ya asilimia 16 badala ya 18 kwa mlaji anayelipa kwa benki au kielektroniki. Wazo zuri, ila linamhusu mwenye duka aliyesajiliwa VAT. Kaka yako wa viatu hayumo, na muuza mchicha hajui hata kama lipo. Ningekuwa na sauti, ningeanza na malipo madogo. Chini ya elfu tano, kwa lipa namba, kusiwe na makato ya upande wowote. Kampuni zitalia. Ila kwa ushuhuda wa Mgeni wa Mombasa, mwaka mmoja unatosha kumfundisha mama mboga.

Mzee wa Taslimu

Na mtandao ukikatika hiyo elfu tano yako tutaila na nini? Naenda kulala.

Wakala wa Buza

Wakuu, nimechelewa, nilikuwa kazini. Mleta mada ameuliza wateja kumi wangapi wanatoa. Jana Jumatatu niliweka daftari pembeni nikahesabu. Sita kwenda saba kwa kumi wanatoa. Wanaoweka wengi ni wa jioni, wenye maduka. Wanaokuja kulipia kitu, wachache mno.

Na niwe mkweli: kutoa kunanilisha. Kamisheni yangu iko hapo. 2021 tozo ilipoanza nilikaa siku nzima napepea nzi, watu walirudi kupeana bahasha kwenye mabasi kama anavyosema mleta mada, mmoja wao mama mkwe wangu. Kwa hiyo mkiniambia mduara usikatike, mnaniambia nifunge kibanda. Nakubaliana na ninyi kichwani, tumbo halijakubali.

Ila jana hiyohiyo nimeona kitu nikaamua nikiandike. Saa nne asubuhi alikuja bibi mmoja kutoa elfu ishirini, katumiwa na mwanawe, na ya kutolea juu. Nikampa noti mbili za elfu kumi, moja ina wino wa bluu pembeni, kuna mtoto aliichorachora. Bibi akavuka barabara hadi duka la mangi linalonitazama, akanunua unga, mafuta na sukari. Mangi ana bango la lipa namba kubwa kuliko mlango. Bibi akalipa noti zote mbili, akarudishiwa chenji.

Saa moja jioni mangi akavuka barabara kuja kuweka mauzo yake, kesho anataka kumtumia mtu wa jumla Kariakoo. Nikazihesabu. Ile yenye wino wa bluu ilikuwa ya tatu kutoka juu.